Historia ya meli za reli Ziwa Victoria hadi kuwa kampuni ya Mwanza: nyaraka tuanzie wapi?

Gati_Kusini

Wakuu, habari za kazi.

Kikundi chetu hapa Mwanza kinakusanya historia ya huduma za meli za Ziwa Victoria kama taasisi: nani alimiliki vyombo, karakana na magati, lini umiliki ulibadilika, na wafanyakazi walihamishwaje kutoka shirika moja kwenda lingine. Hatutaki kitabu cha picha za meli peke yake. Tunataka msomaji aelewe jinsi idara ya reli ya mkoloni ilivyofika kuwa kampuni ya serikali yenye makao yake makuu Mwanza.

Tulichonacho mpaka sasa ni maboksi ya makaratasi ya wastaafu (barua za ajira, hati za shehena, nakala za kaboni za barua za ofisi), michoro iliyoviringishwa ambayo baadhi yake ni ya bluu, na orodha ya wazee walio tayari kuhojiwa.

Tunakwama sehemu tatu. Miaka haipatani: karatasi moja inasema shirika lilianza 1948, nyingine 1969, nyingine 1977. Takwimu za mizigo nazo zinaruka, na meli moja unaikuta na tani tatu tofauti. Halafu hatujui tuanze kubisha hodi ofisi gani, maana nauli ya Dar na Nairobi si ya kuchezea.

Mwenye ujuzi wa historia za mashirika ya umma atupe njia, tena kwa undani. Naomba kuwasilisha.

---

Karani_wa_Masijala

Mkuu, miaka yako yote mitatu ni sahihi, ila kila mmoja una tukio lake. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiifuate historia kwa jina la shirika, ifuate kwa chombo. Chukua meli moja, gati moja, karakana moja, na kwa kila kimoja jibu mambo mawili: tarehe fulani kilikuwa mali ya nani, na karatasi zake zilibaki kwa nani. Mali ilihama mara nyingi, na karatasi hazikuifuata kila mara.

Mtiririko wenyewe uko hivi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Meli za mvuke ziliwekwa ziwani kuwa mkono wa reli hiyo. Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, kisha Usoga na Rusinga zilitengenezwa Uingereza, zikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu. Hapa ndipo waandishi wengi wanateleza. Meli zilizokuwa zikifunga Mwanza, Bukoba na Musoma enzi za Mwingereza hazikuwa za reli ya Tanganyika. Zilikuwa za reli ya Kenya na Uganda. Reli ya Tanganyika ilifika Mwanza 1928 kutokea Tabora, na kuanzia hapo hadi 1948 mji huu ulikuwa na wasafirishaji wawili wakigombea pamba ileile: mmoja anaipeleka Kisumu na Mombasa kwa njia ya maji, mwingine anaipeleka Dar es Salaam kwa njia ya Tabora. Takwimu za mizigo ya Mwanza za miaka hiyo 20 ziko kwenye taarifa za tawala mbili. Ukishika upande mmoja tu utaandika kwamba biashara imeshuka, kumbe mzigo umebadili njia.

Mwaka 1948 reli zote ziliunganishwa kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya wa 1967 ukaleta mgawanyo mwingine, na 1969 reli na bandari zikawa mashirika mawili, la reli makao yake Nairobi, la bandari Dar es Salaam. Meli za ziwa zilibaki upande wa reli. Liandike hilo kwa wino mzito, maana ukienda kuzitafuta kwenye majalada ya bandari ya miaka ya 1970 utarudi mikono mitupu.

1977 Jumuiya ilivunjika, Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania (TRC), nalo likarithi vyombo vilivyobaki upande huu. Ila mgawanyo wa mali haukuisha 1977. Msuluhishi Victor Umbricht kutoka Uswisi alifanya kazi hiyo kwa miaka, na makubaliano yalitiwa saini Arusha Mei 1984: Kenya 42%, Tanzania 32%, Uganda 26%. Kwa miaka hiyo saba kitabu chenu kitofautishe kati ya aliyekishika chombo na aliyekimiliki kisheria. Hayo ni mambo mawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 idara ya meli ilitolewa TRC ikawa Kampuni ya Huduma za Meli (MSCL), makao Mwanza, ikihudumia maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa. Siku hizi imebadilishwa jina kuwa TASHICO (Kampuni ya Meli Tanzania). Yaliyoipata reli baada ya hapo (kukodishwa kwa RITES ya India kuanzia Oktoba 2007 kwa hisa 51%, kurudi serikalini, kisha sheria ya 2017 iliyounganisha TRL, kampuni ya kuendesha treni, na RAHCO, iliyomiliki miundombinu ya reli) ni historia ya ndugu yenu, si yenu. Aya moja inatosha.

Sasa ofisi. TRC ya 1977 iliundwa kwa sheria, kwa hiyo chimbuko lake liko kwenye Gazeti la Serikali na Hansard ya Bunge. MSCL iliandikishwa kama kampuni, kwa hiyo utaipata BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni: katiba ya kampuni, orodha ya wakurugenzi, marejesho ya kila mwaka, mabadiliko ya jina. Ukienda BRELA kuulizia shirika lililoundwa kwa sheria hutapata kitu, na ukitafuta kampuni kwenye sheria za Bunge utahangaika bure. Hisa za serikali ziko kwa Msajili wa Hazina, na huko huko ndiko yalikoishia majalada ya urekebishaji wa mashirika, baada ya PSRC (tume ya kurekebisha mashirika ya umma) kufungwa na mrithi wake CHC naye kuvunjwa.

Na kwa kila badiliko andika tarehe nne, kila moja na safu yake: sheria kupitishwa, sheria kuanza kutumika, makabidhiano ya mali, na mshahara wa kwanza kulipwa na mwajiri mpya. Karatasi za wastaafu mlizonazo ni hazina kwa hiyo ya nne. Hati ya malipo ina jina la mwajiri juu kabisa, na mara nyingi jina la zamani linaendelea kuonekana hadi fomu zilizochapishwa ziishe stoo. Kwa hiyo hati moja yenye jina la zamani haithibitishi kitu. Pangeni hati za mtu mmoja kwa miezi, mwezi ambao namba yake ya kazi au mfuko wa makato unabadilika ndio wenye uzito.

---

Fundi_Mitambo

Nakubaliana na Karani kuhusu kufuata chombo. Naongezea hilo la tani, maana linaharibu vitabu vingi vizuri.

Neno "tani" kwenye karatasi za meli lina maana zisizopungua tatu. Kuna tani ya ujazo, ile ya usajili: tani moja ni futi za ujazo 100, yaani kama mita za ujazo 2.83. Haipimi uzito hata kidogo. Kuna uzito wa meli yenyewe ikielea. Na kuna uzito wa shehena inayoruhusiwa. Mfano ulio wazi ni MV Mwanza iliyoshushwa majini Februari 2023: urefu mita 92.6, upana mita 17, uzito wa tani 3,500, lakini inabeba abiria 1,200 na mzigo tani 400. Mtu akichukua 3,500 akaiweka safu moja na 200, ambazo ni tani za mzigo za MV Victoria, amelinganisha chungwa na kiatu. Kwenye jedwali lenu tengenezeni safu tatu. Kama karatasi haisemi ni tani ipi, acheni wazi safu zote tatu na muinukuu ilivyo kwenye maelezo ya pembeni.

Uzito nao una mtego wake. Taarifa za kabla ya vipimo vya metriki zinatumia tani ndefu ya Kiingereza, ratili 2,240, ambayo ni kilo 1,016. Kwa tani 100,000 tofauti ni tani 1,600. Ukiunganisha safu ya 1965 na ya 1975 bila kubadili, utaona ongezeko ambalo halikutokea. Fedha ndivyo hivyohivyo: rupia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, kisha shilingi ya Tanzania kuanzia 1966. Na mwaka wa hesabu: taarifa za Reli na Bandari zilifunga Desemba, bajeti ya serikali yetu inafunga Juni. Takwimu mbili za "1977" zinaweza kuwa za miezi isiyolingana.

Utambulisho wa chombo: msiamini jina lililopakwa rangi. Tafuteni kibao cha mjenzi, mara nyingi kiko mbele ya chumba cha nahodha au kwenye ukuta wa mbele wa sitaha ya juu, chenye jina la kiwanda, namba ya ujenzi na mwaka. Pigeni picha kikiwa na rula pembeni. Kibao cha injini ni kitu kingine. MV Victoria ilijengwa na Yarrow kule Glasgow, ikavunjwavunjwa na kuunganishwa upya Kisumu, ikaanza kazi 1961. Ukarabati uliokamilika 2020 uliiwekea injini mpya. Mtu akiingia chumba cha mitambo akasoma mwaka wa injini akauandika kuwa mwaka wa meli, amefuta miaka karibu 60 ya kazi. Jina nalo limebadilika, sasa ubavuni inasomeka New Victoria Hapa Kazi Tu.

Kwa karakana, uliza swali moja la kiufundi kila kipindi: meli ilitolewa majini wapi? Gati kavu na karakana kubwa ya ziwa zima ilikuwa Kisumu. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Miaka hiyo yote chombo cha Tanzania kilichohitaji kukaguliwa tumbo, kubadilishiwa bati au kuchomolewa rafadha (pangaboi) kilipaswa kuhudumiwa upande huu. Hapo ndipo mtaona Mwanza inalazimika kuwa mji wa mafundi wa meli. Tafuteni maombi ya bati, vyuma vya kuchomelea, zinki za kuzuia kutu na vipuri. Kitabu cha stoo kinasema kweli zaidi ya hotuba ya ufunguzi. Mstari wa mwisho wa hadithi hiyo ni chelezo kipya (mahali pa kutolea meli majini) cha Mwanza Kusini, chenye uwezo wa kubeba chombo cha tani 4,000, kilichojengwa sambamba na MV Mwanza.

---

Mpiga_Mbizi_wa_Karatasi

Kabla hamjasoma chochote, okoeni michoro. Naona mmesema imeviringishwa na mingine ni ya bluu. Haifanani yote, na kila aina ina adui wake.

Karatasi ya bluu yenye mistari myeupe hupauka kwa mwanga, na inaharibiwa na kitu chochote chenye magadi. Msiifunge kwenye yale makaratasi ya kuhifadhia yaliyoongezwa chokaa yanayosifiwa kwa nyaraka nyingine. Karatasi nyeupe yenye mistari ya zambarau, bluu au kahawia, inayonuka kidogo ukiifungua, ni nakala ya amonia. Hiyo inafifia haraka zaidi na mvuke wake unawaathiri majirani, kwa hiyo iwe na boksi lake peke yake, mbali na picha. Aina ya tatu inafanana na kitambaa chembamba chenye kung'aa. Ni kitani kilichopakwa wanga, na mchoro wake mara nyingi ndio asilia. Maji ni sumu kwake: tone moja linaacha doa, na mvuke wa birika wa kulainishia unaulegeza mchoro wote usinyooke tena. Huo ndio wa kwanza kupigwa picha.

Kunyoosha: fungueni kidogokidogo juu ya meza safi, wekeni vifuko vya kitambaa vyenye mchanga mkavu pembezoni, acheni siku mbili tatu, mfungue tena. Mkilazimisha siku moja unapasuka kwenye mikunjo. Seloteipu msiiguse kabisa, gundi yake inageuka kahawia na kupenya. Iliyokwishabandikwa zamani iacheni kwanza, msiibandue.

Pini na vibanio vilivyoshika kutu msivivute. Pitisheni kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, inueni ncha moja baada ya nyingine. Nakala za kaboni zishikwe kwa kingo tu. Kama kuna karatasi za faksi au risiti za mashine, zile za joto, zipigeni picha leo, maandishi yake yanapotea hata zikiwa gizani.

Rafu iwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na isigusane na ukuta. Kila wiki pitisheni macho nyuma yake kutafuta njia za udongo za mchwa. Boksi likiwekwa sakafuni nyumba za huku kwetu halimalizi masika mawili.

Kupiga picha: maandishi nukta 300 kwa inchi zinatosha, picha za mnato 600, michoro 400. Nakala mama iwe TIFF, ya kusomea iwe PDF. Kama mnatumia simu, ifungeni kwenye stendi iangalie chini wima, mwanga wa dirishani kutoka pande mbili, flashi imezimwa, rula ndani ya picha. Mchoro mkubwa pigeni vipande vinavyopitiliza kwa theluthi moja, la sivyo programu ya kuunganisha itavipotosha. Nakala tatu, aina mbili za vifaa, na moja iwe nje ya jengo.

Na jambo ambalo watu wa hiari hulikosea sana: msipange upya makaratasi kwa mada. Mpangilio wa jalada ni ushahidi. Barua iliyofungwa baada ya nyingine inaonyesha nani alimjibu nani. Andikeni namba ya penseli laini nyuma ya kila karatasi kwa mpangilio mlioukuta, na pigeni picha ganda la jalada nje na ndani. Pale ndipo kuna namba ya rejea na majina ya ofisi lilikopita.

---

Gati_Kusini

Shukrani sana wakuu, hii ni shule. Michoro ya kitani tumeitenga leo hii.

Naongeza mawili. Kuhusu mahojiano: wazee wanakumbuka kazi vizuri sana lakini tarehe zinawapiga chenga. Na kuhusu MV Bukoba: hatuwezi kuandika historia hii tukaipita, ila tunataka kuiandika kwa haki na kwa heshima ya waliopoteza ndugu.

---

Sauti_za_Bandarini

Mzee usimuulize mwaka. Muulize lilitokea kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analijua, kisha wewe uhesabu. Vigingi vinavyofaa kwa kanda hii: Uhuru 1961, Azimio la Arusha Februari 1967, Jumuiya kuvunjika 1977, vita ya Kagera 1978 hadi 1979, msako wa wahujumu uchumi 1983, kuzama kwa Bukoba 1996, mvua za El Niño 1997 hadi 1998. Changanya na vigingi vya familia yake: mtoto gani alikuwa amezaliwa, walikuwa wakikaa nyumba gani ya shirika. Vikipatana viwili, una mwaka mmoja au miwili ya uhakika, na hiyo inatosha kuandika "kati ya".

Uliza kazi, usiulize maoni kwanza. Mwekee mchoro au picha mezani, umwambie akuonyeshe alikosimama. Serahangi (mnyapara wa mabaharia) aliamrisha nini kamba ikirushwa? Karani wa shehena alihesabu magunia mlangoni au kwenye gati? Mabehewa yalipoingizwa kwenye MV Umoja, yalianza ya upande gani ili meli isiinamie mmoja, na nani alitoa ishara ya kusimamisha? Hilo la Umoja lifanyieni kazi ya pekee. Ni meli inayobeba mabehewa ya treni ndani yake, yenye uwezo wa tani 1,200, na wanaojua kwa mikono yao jinsi ya kuoanisha reli ya gatini na ya sitahani, maji yakipanda na kushuka, hawako wengi.

Muhoji mmoja mmoja kwanza, kikundi baadaye. Ukianza na kikundi, aliyekuwa na cheo ndiye atakayesema na wengine wataitikia.

Kurekodi: WAV, 48 kHz, biti 24, sauti ya mkondo mmoja. Saa moja inakula karibu nusu gigabaiti, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inatosha siku kadhaa. Kipaza sauti kiwe sentimita 20 kutoka mdomoni, feni na friji vizimwe, na mwanzoni rekodi sekunde 10 za ukimya wa chumba, zitasaidia kusafisha kelele. Taja kwa sauti tarehe, mahali na jina la mhojiwa kabla ya swali la kwanza. Ridhaa iandikwe, na iwe na viwango: kutunza tu, kusomwa na watafiti, au kuchapishwa kwa jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Majalada ya nidhamu na ya matibabu yaliyomo kwenye maboksi yenu yafungwe, yasiende mtandaoni hata jina likifutwa, kwa kuwa mtaani watu wanajuana.

Kuhusu Bukoba. Ilizama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na wakati huo ilikuwa chombo cha TRC. Ukikuta imeandikwa kwamba ilikuwa ya MSCL, huyo ameirudisha nyuma kampuni iliyokuja baadaye. Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jaji Robert Kisanga, anzieni kwenye kazi ya tume kabla ya magazeti. Idadi ya waliofariki inatofautiana kwa sababu ya msingi: orodha ya abiria haikuwa na watu wote waliopanda, na si miili yote iliyopatikana. Kwa hiyo msichague namba moja mkaitangaza kuwa ndiyo. Andikeni kila namba na aliyeihesabu na alichohesabu, iwe ni tiketi, miili au ndugu waliojitokeza. Makaburi na mnara wa kumbukumbu viko Igoma. Kwa familia, ninyi msiende kubisha hodi. Toeni taarifa kupitia viongozi wa dini na wa mitaa, anayetaka kusema atakuja mwenyewe.

MV Nyerere ya Septemba 2018 kule Ukara msiiweke kwenye mnyororo wenu. Kile kilikuwa kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, taasisi nyingine kabisa. Kivuko na meli ya kampuni vinaendeshwa na mamlaka tofauti, na wengi wanavichanganya.

---

Fundi_Mitambo

Sauti umenikumbusha habari ya maji kupanda. Mkipata picha za magati za kabla ya 1961 na za baada ya 1964, msishangae zisipofanana. Mvua kubwa za miaka ile zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, na lilibaki juu kwa miaka mingi. Gati linaloonekana refu kutoka majini kwenye picha ya 1955 linaweza kuwa lilelile linaloonekana fupi 1965. Msiandike "gati la zamani lilivunjwa" hadi mpate karatasi ya ujenzi. Vipimo vya kina cha maji kwenye michoro vina kiwango cha marejeo, kwa kawaida kimeandikwa pembeni kwa herufi ndogo, na kipimo cha ziwa kinachotumika sana ni cha Jinja. Mchoro usio na kiwango cha marejeo hauwezi kulinganishwa na mwingine wowote. Mei 2020 maji yalipanda tena sana, kwa hiyo hata picha za juzi zinahitaji tarehe.

---

Mto_Mirongo

Nina wazo tofauti na Karani kuhusu mpangilio. Kufuata umiliki kunatoa kitabu cha mawakili. Msomaji wa Kirumba au Mkuyuni anataka kujua shirika lilifanya nini: pamba ilitokaje Nansio, samaki na ndizi vilifikaje sokoni, daktari alifikaje visiwani. Nashauri mgongo wa kitabu uwe njia za safari. Ratiba za meli zilichapishwa magazetini na ziko kwenye taarifa za mwaka. Chukueni njia ya Mwanza hadi Bukoba, na kila miaka mitano andikeni safari ngapi kwa wiki, chombo gani, nauli daraja la tatu. Mkimaliza mtaona shirika likikua na kusinyaa bila kuhitaji maneno mengi.

---

Karani_wa_Masijala

Mto_Mirongo, hoja yako ni nzuri na naikubali kwa kitabu. Kwa utafiti bado nashikilia umiliki, kwa sababu bila hiyo hutajua ratiba ya 1938 iko kwenye taarifa ya nani. Wafanye yote mawili: daftari la kazi kwa umiliki, sura za kitabu kwa njia za safari.

Kuhusu nauli, Gati_Kusini: msianze Nairobi wala Dar. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo cha Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, chenye majalada ya utawala wa mkoa na wilaya. Mkuu wa Jimbo na mabwana shauri (wakuu wa wilaya wa kikoloni) walikuwa wakilalamikia reli na meli kila mara, na malalamiko yao yana tarehe. Tafuteni kwa majina ya enzi zile: Lake Province kwa kipindi cha Mwingereza, na Muansa, kwa tahajia hiyo, kwa kipindi cha Mjerumani. Nendeni na barua ya utambulisho ya taasisi inayotaja mada na miaka. Kwa sheria ya 2002 majalada ya serikali kwa kawaida hufunguliwa yakitimiza miaka 30, kwa hiyo sehemu ya MSCL itawabidi muiombe kwa kampuni yenyewe.

Baada ya hapo Dar, Upanga, kwa majalada ya wizara, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa taarifa za mwaka za Reli na Bandari na magazeti ya zamani. Safari ya Nairobi na Kisumu iwe ya mwisho, mkiwa tayari na orodha ya vyombo na miaka inayokosekana. Nairobi kuna Makumbusho ya Reli karibu na stesheni, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Moi Avenue. Ulizeni mapema kwa barua kuhusu vibali vya utafiti vya Kenya.

Mkifika dirishani msiombe "kila kitu kuhusu meli". Ombeni orodha ya majalada kwanza, chagueni matano, na kwa kila moja nakilini namba kamili ya rejea pamoja na namba ya ukurasa mlimotoa jambo. Karatasi za masijala mlizozikuta kwa wastaafu zichukulieni kuwa bado ni za umma: pigeni picha, andikeni mlizipata kwa nani na lini, kisha kiulizeni kituo cha kanda kama kitazipokea, maana kuna uwezekano mkubwa jalada zilimotoka lina pengo mahali hapo.